Trekta Lenye Mafua

Mmenisumbua mpaka nimekubali, ila msidhani nimekubali kwa raha. Kalamu inanitoroka vidoleni, herufi zangu zinapanda na kushuka kama mlevi anayerudi kwake, na kila nikimaliza mstari jicho linadai lipumzishwe. Mngemwuliza fundi mwenyewe. Lakini namjua: mngemwuliza, angewajibu maneno mawili, halafu angesinzia. Basi someni mlichokiomba, na asiwepo wa kunikatiza katikati.

Fundi huyo wa matrekta watu walimwita Nusu Saa. Hawakumpa jina hilo kwa sababu ya wepesi. Ukimpelekea chombo chako asubuhi alikwambia, "Nusu saa tu, kaa hapo," nawe ulikaa mpaka kivuli chako kikahamia upande wa pili, ukaenda kwako ukala, ukarudi, ukamkuta bado amechuchumaa mbele ya chombo anakitazama kama mtu anayejaribu kuikumbuka ndoto. Ila kilipotoka mikononi mwake kilikuwa kimepona. Ndiyo maana watu walimcheka, na bado walimrudia.

Tangu utotoni alikuwa hivyo. Mama yao alipofariki alilelewa na dada yake mkubwa, mwanamke mwenye msimamo, asiyechezewa, na anayesema vinginevyo aje aseme mbele yake. Dada huyo akimtuma maji, ndoo ilirudi jioni, tena haijajaa, kwa kuwa mtoto alikuwa amesimama njiani kutazama jinsi gurudumu la mkokoteni linavyouma udongo na kuuachia. Akilala alijifunika shuka gubigubi, kichwa na miguu, kwa kuogopa mbu, na alfajiri alikuwa amelowa jasho, anahema kama aliyetoka mbio. Dada alipita akaifunua ile shuka kidogo tu, usawa wa pua.

"Acha pua nje," alimwambia kila mara. "Utakufa na ubishi wako."

Mtoto alikuwa mbali, anaota.

Alipopata nguvu za kubeba chuma akaenda kukaa gereji. Hakuna aliyemfundisha kwa maneno. Aliosha vyuma kwa mafuta ya taa, akavipanga juu ya gunia kwa mfuatano uleule vilivyotoka, akavirudisha kinyumenyume, mwaka baada ya mwaka, mpaka fundi mkubwa akazeeka na sanduku la spana likawa lake. Gereji yenyewe ilikuwa banda la mabati yaliyotobolewa na kutu. Jua likiwa juu, mwanga ulipenya kwenye vitundu ukaangusha madoa meupe sakafuni, na madoa hayo yalitambaa polepole siku nzima, kutoka mlangoni mpaka kwenye benchi la kazi, yakipanda juu ya pipa, juu ya tumbo la fundi aliyelala chali chini ya injini, yakishuka upande wa pili. Nusu Saa hakuwahi kuvaa saa. Madoa yakifika kwenye jeki alijua chai imeiva. Humo ndani alioa, akazaa, akaota mvi. Maana yake mwili ulikwenda nyumbani kufanya hayo, roho ilibaki bandani.

Sasa niwaambie habari ya trekta.

Lilikuwa la kikundi cha wakulima, jekundu, la zamani, na dereva wake alikuwa shemeji yake Nusu Saa, kaka wa mkewe. Huyo walimwita Bwana Harusi, kwa sababu hakuna mume aliyempenda mkewe kama yeye alivyolipenda trekta lile. Alilipa jina: Bibie. Alimpangusa Bibie asubuhi kabla yeye hajanawa uso. Alikishonea kiti chake foronya. Kila mwaka baada ya mavuno alimpaka rangi upya kwa brashi, palipochubuka na pasipochubuka, mpaka akawa na ngozi juu ya ngozi. Mkewe wa ndoa alisema na yeye angekuwa na magurudumu angepata nguo mpya.

Mwaka mmoja, msimu wa kulima ukiwa ndio umefunguka, Bwana Harusi aliingia gereji na Bibie, uso umemshuka. Bibie alikuwa anavuja. Upande wa ndani wa gurudumu la nyuma, la kushoto, weusi ulikuwa umetambaa kwenye rimu mpaka kwenye tairi, na vumbi limegandia hapo kama ukoko. Breki ya upande huo nayo ilikuwa inateleza; ukikanyaga zote mbili, Bibie aligeukia kulia kama mtu aliyesikia anaitwa.

Nusu Saa alichovya kidole akanusa. Ilikuwa ile harufu nzito ya oili ya gia, harufu ya yai viza. Kwa hiyo oili ilikuwa inatoka ndani, kwenye nyumba ya ekseli, kile chuma kirefu kinachozungusha gurudumu, inapita kwenye sili na kulowesha breki. Sili ni kitu kidogo, pete ya mpira yenye springi nyembamba ndani yake. Inakaa mlangoni pa ekseli kama bawabu, ekseli izunguke inavyotaka lakini oili isitoke.

Hakukimbilia kufungua. Alikuwa na namna yake. Aliosha pale kwa mafuta ya taa mpaka chuma kikaonekana, akakausha, kisha akachukua majivu laini, yaliyochekechwa kwenye kitambaa, akayapuliza kwa mdomo mpaka upande wote ukawa mweupe kama uso uliopakwa poda. Akamtuma shemeji yake akalime kidogo arudi. Aliporudi, ndani ya ule weupe mlikuwa na mchirizi mmoja mweusi, umeanzia kwenye sili, umeteremka bila haraka.

"Sili," alisema Nusu Saa. "Nusu saa tu."

Wakaweka magogo mbele na nyuma ya magurudumu ya upande mwingine, wakapiga jeki, wakamwaga oili. Gurudumu kubwa lilibingirishwa pembeni na watu wazima wenye nguvu, likaegemezwa ukutani. Kabla ya hapo fundi alikuwa amelishika juu na chini na kulitikisa, kusikiliza kama beringi imelegea. Haikulegea. Akaichomoa ekseli kama upanga unaotoka alani, akaipitishia ukucha pale sili inapokaa, kuona kama pamelika. Hapakulika, palikuwa laini kama ndani ya kikombe. Ila ile sili ya zamani mdomo wake ulikuwa umepinduka nje, kama mdomo wa mtoto anayetaka kulia. Akadhani ni uzee. Akaipaka sili mpya grisi, akaigeuza mdomo uangalie oili, akaweka kibao juu yake na kuigonga kwa nyundo huku na huku, taratibu, mpaka ikaingia yote bila kukaa upande. Bibie akazungushwa uwanjani. Alikuwa mkavu.

Siku chache shambani, akavuja.

Fundi akafungua tena. Mdomo wa sili umepinduka vilevile. Safari hii alikaa nayo kiganjani mpaka madoa ya mwanga yakavuka benchi lote. Akajiambia ameigonga vibaya. Akaagiza nyingine kutoka duka jingine, akaigonga kwa upole wa mtu anayemfunga mtoto kifungo cha shingoni.

Ikavuja.

Hapo maneno yakaanza. Mara macho ya Nusu Saa hayaoni tena, mara mikono imeanza kutetemeka. Mtu mmoja mwenye mdomo mchafu akasema jina lake sasa libadilishwe aitwe Nusu Mwaka. Na mke wa Nusu Saa, ambaye miaka yote alikuwa amenyamaza, akaona mlango umefunguka. Jeki iliwahi kuteleza, gurudumu likaanguka karibu kabisa na mguu wa mumewe, na tangu siku hiyo mama huyo hakupata usingizi mzuri. "Mimi nataka mume," alisema, "sitaki kuja kukufukua chini ya chuma. Kaa nyumbani. Ota ndoto zako kitandani kama watu wengine."

Mwenyekiti wa kikundi naye akaja na wenzake. Mawingu yalikuwa yameshaanza kujikusanya nyuma ya vilima, mashamba mengi bado hayajaguswa, na walikuwa wamefikiria fundi mwingine. Waliongea kwa heshima, na heshima yao ndiyo iliyomchoma. Nusu Saa akasimama, mikono myeusi mpaka viwiko.

"Nipeni mara moja tu," alisema. "Akivuja tena nalifunga sanduku la spana, na ufunguo nampa mke wangu mbele yenu."

Mkewe akanyoosha kiganja palepale.

"Bado," alimwambia.

"Nazoesha mkono," alijibu mkewe.

Wakacheka wote isipokuwa wawili, Nusu Saa na Bwana Harusi.

Sasa, siku zote Bibie aliletwa gereji jioni, kazi ikiisha, na fundi alimfungua asubuhi chuma kikiwa baridi kama mtungi. Lakini kwa hofu ya mvua Bwana Harusi alilima mpaka dakika ya mwisho, akamleta mchana wa jua kali moja kwa moja kutoka shambani, moto, anatoa mvuke wa vumbi. Oili ya moto haimwagwi, inaunguza. Nusu Saa akatandika gunia chini ya Bibie asubiri apoe. Nzi walikuwa wengi. Akajifunika uso kwa kitambaa cha kufutia mikono, akalala.

Banda lilikuwa kimya. Vyuma vya Bibie vilikuwa vinasinyaa kwa kupoa, tik, tik, kama mtu anayekunja vidole kimoja kimoja. Nusu Saa akateremka kwenye usingizi kama jiwe linavyoteremka kwenye maji mazito. Akajiona mdogo tena, ndani ya shuka, na nje mvua inanyesha bila sauti. Ubavuni mwake, chini ya shuka hiyohiyo, alikuwa amelala Bibie, mwekundu, mkubwa, lakini kitanda kimewatosha. Bibie alikuwa wa moto. Alikuwa anahema. Fundi akasikia nyayo za dada yake zinakuja, nyayo zile anazozijua kuliko sauti ya mama, na moyo ukatulia, akajua sasa atafunuliwa. Lakini dada alimpita. Akaenda upande wa Bibie, akainama, akapapasa juu ya shuka kwa vidole vyake, huku na huku, muda mrefu.

"Huyu pua yake iko wapi?" aliuliza dada.

Nusu Saa akaamka amelowa jasho, kitambaa kimemganda mdomoni. Akakivuta. Hewa ikaingia tamu. Akabaki chali bila kusogea, macho wazi, madoa ya mwanga yanampanda kifuani. Tone la oili likadondoka karibu na sikio lake. Ulipita muda, likadondoka jingine.

Pua yake iko wapi.

Alijua ilipopaswa kuwa. Kila ekseli ya namna ile ina kipumulio, kidude kidogo cha chuma kama kofia ya kidole cha mshonaji, kimekaa juu mgongoni, nyuma ya kiti cha dereva. Alikuwa anakijua kama mtu anavyoujua mlango wa nyumba yake, na mlango wa nyumba yako huutazami. Tena pale nyuma palikuwa pamepakwa rangi vizuri, nyekundu juu ya nyekundu, jicho linateleza linakwenda zake.

Akapanda. Kwanza akashika kizibo cha kujazia oili na kukilegeza. Bibie akashusha pumzi. Ndefu, ya moto, fyuuuu, yenye harufu ya yai viza, kama mtu aliyekuwa amebana kifua tangu mwaka jana. Bwana Harusi, aliyekuwa anapangusa taa ya mbele, akasimamisha mkono.

Kisha Nusu Saa akapeleka kidole nyuma ya kiti. Hakugusa chuma. Aligusa kitu laini. Akakwangua rangi kwa ukucha: ngozi. Ilikuwa ngozi ya kiatu cha zamani, imekatwa duara, imeshonwa pembeni kwa uzi wa kutiwa nta, imefungwa kwa waya mwembamba na kupakwa rangi ikafanana na mwili. Ushonaji wake ulikuwa mzuri sana.

"Shemeji, hii nini?"

Bwana Harusi akaja karibu. "Kofia," alisema. "Vumbi lilikuwa linamwingia. Nikamshonea, kabla sijapaka rangi."

Nusu Saa aliikata ile waya, akaitoa kofia. Hakupandisha sauti. Akamweleza, polepole, kwamba ekseli ikichemka hewa iliyo ndani inavimba na kutafuta pa kutokea, na pa kutokea ni hapo. Pakizibwa, hewa haikai, inaisukuma oili, na oili inakwenda kumsukuma aliye mnyonge kuliko wote, yaani sili. "Umemziba pua, shemeji. Ndiyo maana anapumulia mdomo."

Bwana Harusi akakaa chini, kwenye oili na majivu, na suruali yake iliyopigwa pasi. Hakuna aliyewahi kumwona hivyo. Akasema wakijua watamshusha kwenye kiti, na hilo lilikuwa kweli tupu, kwa sababu kiti kile kilikuwa na watu wengi wa kukitamani. Hakuomba kitu. Alitazama gurudumu tu, kama mtu aliyegundua kwamba ndiye aliyekuwa anamlisha mgonjwa wake sumu, tena kwa kijiko na kwa upendo.

Nusu Saa alikaa na kofia ile kiganjani. Angemwonyesha mwenyekiti tu, basi, jina lake lingesafishika siku hiyohiyo, na macho yake, na mikono yake. Dada yake angekwenda nayo mpaka katikati ya watu, angeinyanyua juu na kuwataja mmoja mmoja kwa majina ya baba zao. Lakini Nusu Saa si dada yake. Alitazama zile nyuzi, zilivyofuatana sawasawa, hakuna hata moja iliyovuka mwenzake. Akafungua sanduku la spana, akaiweka chini kabisa, akafunika kwa spana kubwa.

"Lete jeki," alisema. "Nusu saa tu."

Wakafanya kazi wawili. Kipumulio kilioshwa kwa mafuta ya taa, kikapulizwa mpaka kikapiga mluzi. Breki zilizolowa zikatolewa, zikawekwa mpya. Sili mpya ikaingia mahali pake, na safari hii nyundo ilikuwa kama inabisha hodi. Oili ikajazwa mpaka kwenye alama, isizidi. Mwisho Nusu Saa akapuliza majivu yake, Bibie akawa na shavu jeupe.

Kesho yake walikuja wote shambani kutazama, mawingu yamekaa juu ya vichwa kama magodoro. Mke wa fundi naye alikuja, na hakusahau kuja na kiganja chake. Bibie alilima. Alikwenda na kurudi, udongo unafunuka nyuma yake mweusi, unanukia, na fundi amesimama mwisho wa shamba, ametulia mno, hata mtu angedhani amelala wima. Hakuwa amelala. Kila Bibie alipogeuka fundi alikuwa anasomewa hukumu upya: akivuja, sanduku limefungwa na maisha yote yaliyokuwa ndani ya lile banda yamefungwa nalo.

Upepo wa mvua ulipoanza kuvuma, mwenyekiti akamsimamisha dereva. Bibie alikuwa wa moto kama mkate. Mwenyekiti akavaa miwani, akapiga magoti kwenye matuta, akapitisha kidole ndani ya gurudumu. Akakitazama. Kilikuwa na majivu tu, meupe, makavu.

"Alikuwa anaumwa nini?" aliuliza.

Bwana Harusi kwenye kiti akainamisha kichwa.

"Mafua," alisema Nusu Saa. "Alikuwa hawezi kupumua."

Wakacheka mpaka mwenyekiti akashika mbavu, wakasema huyu mzee bado ni yuleyule. Mkewe hakucheka. Alimtazama mumewe, akamtazama kaka yake aliyekuwa anachunguza viatu vyake, akamtazama tena mumewe. Kisha akakikunja kile kiganja, akakiingiza ndani ya kanga. "Basi rudi nyumbani mapema ule," alimwambia. "Na jeki ile mbovu uitupe." Ile jeki aliitupa kweli. Hilo tu ndilo alilowahi kulifanya kwa wakati.

Tone la kwanza la mvua likaanguka juu ya majivu, likafanya shimo dogo.

Tangu hapo Bwana Harusi alibadili utaratibu wake wa asubuhi. Kabla ya kupangusa, alikwenda nyuma ya kiti, akakizungusha kipumulio kwa vidole viwili, akainama akatega sikio. Alifanya hivyo mbele za watu, hakujificha, kila siku ya Mungu. Watu waliona, wakatazamana, wakaelewa bila kuambiwa. Hakuna aliyemshusha. Mtu anayesikiliza pumzi za trekta asubuhi, utamshusha umweke nani?

Nusu Saa bado yupo na banda lake, na vitundu vya mabati vimeongezeka, kwa hiyo mwanga nao umeongezeka. Mchana anajifunika kitambaa usoni kwa sababu ya nzi, analala chini ya matrekta ya watu. Dada yake, ambaye sasa anatembea kwa fimbo lakini anafika anakotaka, hupita pale, huinama kwa taabu, na kumfunua kidogo tu, usawa wa pua.

Haya. Mmepata mlichotaka, na mkono wangu unauma. Sasa ni zamu yako wewe uliyesoma. Kabla hujaenda kulala toka nje, nenda nyuma ya chombo chako, kiwe trekta, kiwe lori, chochote chenye ekseli, ukitafute kipumulio kwa kidole, usiyaamini macho, na ukitekenye kama kinazunguka. Kama huna chombo, nenda kwa mwenye nacho. Halafu uje uniambie ulichokikuta. Usinitumie salamu wala barua. Njoo mwenyewe, mlango unaujua, na uje na miwani inayonifaa, maana hii niliyoandikia imeshanichosha.